Figo la Kupewa ni Amana ya Kila Siku

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, darasa yetu ya Kibokoni ilipokuwa imekwisha na watu wakitafuta viatu vyao mlangoni, alibaki mtu mmoja akatuuliza suala ambalo usiku ule hatukuweza kulijibu. Alisema: "Maalim, mimi nilimpa ndugu yangu figo langu. Sisi ni wa baba mmoja na mama mmoja. Sasa ni mwaka wa tatu. Juzi nimejua kwamba dawa ameziacha. Nilipomuuliza alinijibu: 'Figo ni la ndugu yangu, ni damu yangu, mwili wangu umekwisha kulizoea. Tena ulinipa, basi ni langu.' Je, nina haki ya kumkasirikia, au mtu akishakutoa kitu hakimhusu tena?"

Tulimwomba atupe muhula. Tuliwauliza matabibu, tukasoma, tukashauriana, na leo twaleta jawabu katika ukurasa huu, kwa kuwa suala hili si la mtu huyu peke yake. Katika mji wetu hapana mtaa, toka Ndia Kuu mpaka Kuze, usio na mtu aendaye kusafishwa damu kwa mashine, au aliyesafiri kwenda kupandikizwa figo, au aliyefikiwa na jamaa zake kuombwa atoe lake.

Ndani ya suala hili mna masuala mawili. La kwanza ni la mwili: je, ni kweli kwamba mwili hulizoea figo la ndugu? La pili ni la haki: figo likishatolewa ni la nani? Wengi wetu hulirukia hili la pili na kuliacha la kwanza, na huko ni kukosea njia. Mafaqihi wetu wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Asiyekijua kitu hana haki ya kukitolea hukumu. Basi na tuanze na mwili.

Katika damu ya kila mwanadamu mna walinzi wasiolala. Miongoni mwao ni chembe ambazo matabibu huziita seli T. Herufi hiyo imetokana na jina la tezi iitwayo thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, kwa kuwa huko ndiko walinzi hawa wasomeshwako. Tezi hiyo ni mfano wa chuo chenye mwalimu mkali. Mwanafunzi asiyeweza kuzisoma alama za mwili hufa huko huko, na yule aliye tayari kuupiga mwili wake mwenyewe huondolewa kabla hajatoka. Wanaofuzu ni wachache mno kuliko walioingia. Kazi ya tezi hii ilikuwa haijulikani mpaka mwaka 1961, alipoidhihirisha Jacques Miller mjini London kwa majaribio ya panya.

Wakishatoka chuoni, walinzi hawa huzunguka mwili mzima wakikagua, kama mkaguzi wa Bandari ya Kale alivyokuwa akipanda katika jahazi na kutaka kuona vyeti vya nahodha. Karibu kila chembe ya mwili wetu imechukua cheti chake kwa nje, na cheti hicho twakirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndipo ikawa ndugu wawili wa tumbo moja na baba mmoja hupata kulingana kabisa kwa vyeti mara moja katika mara nne. Mara moja katika nne hawalingani hata kidogo, na mara mbili zilizobaki hulingana nusu. Na hata wale waliolingana kabisa katika vyeti vikubwa hutafautiana katika alama ndogo ndogo, nazo hizo zatosha kuwaamsha walinzi. Walio sawa kabisa ni mapacha wa yai moja tu.

Jambo hili halikujulikana kwa kukisia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Peter Medawar wa Uingereza alikuwa akiwatazama watu waliounguzwa na moto wakipandikizwa ngozi za wengine. Aliona kwamba ngozi ya mtu mwingine hushika siku chache, kisha hufa. Na ngozi ya pili kutoka kwa mtu yule yule hufa upesi kuliko ya kwanza. Maana yake ni kwamba mwili hukumbuka. Kwa ilimu hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1960. Na tarehe 23 Desemba 1954, katika mji wa Boston huko Marekani, Joseph Murray na wenzake walipofaulu kwa mara ya kwanza kumpandikiza mtu figo akaishi nalo, mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa yai moja, Ronald na Richard Herrick. Richard aliishi miaka minane baada ya siku ile. Lau wangekuwa ndugu wa kawaida, huenda leo tusingelijua majina yao.

Basi hilo ni jawabu la neno la kwanza la ndugu yetu. Amesema, "ni damu yangu". Damu moja ni jambo kubwa katika urithi, na katika kuzikana, na katika kuhurumiana. Lakini mbele ya walinzi wa mwili udugu wa damu hautoshi. Waswahili husema, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Hapa methali hii imekuwa kweli kwa dhahiri yake, kwani mwenyeji hakika hupona kwa mgeni huyu, ila ajabu ni kwamba walinzi wa mwenyeji hawamtaki mgeni, hata akiwa ndugu.

Kilichofungua mlango kwa wasiokuwa mapacha ni dawa. Katika miaka ya 1960 walianza na azathiopurini pamoja na dawa za jamii ya kotisoni. Kisha ikaja saiklosporini, iliyotokana na ukungu uliopatikana katika udongo wa Norway, nayo ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Cambridge mwaka 1978. Mwaka 1984 Wajapani wakaipata takrolimasi katika vijidudu vya udongo wa Tsukuba. Na tuzingatie hapa: udongo tuukanyagao kila siku ndimo Mwenyezi Mungu alimoweka sababu ya uhai wa watu wengi.

Sasa, ni nini kinachowapata walinzi baada ya figo kupandikizwa na dawa kuanzwa? Watu hudhani moja katika mambo mawili: ama walinzi wamekufa, ama wamekubali. Yote mawili si kweli.

Siku za mwanzo wagonjwa wengine hupewa dawa kali inayowapunguza walinzi kwa wingi. Waliosalia huanza kuzaana ili kujaza nafasi, na wanaotangulia kuijaza ni wakongwe wenye kumbukumbu, ambao hawahitaji kufunzwa upya na ambao dawa hazijui kuwatiisha upesi. Kisha huja dawa za kila siku. Takrolimasi na saiklosporini hukata ujumbe ndani ya mlinzi: amemwona mgeni, amemjua, lakini hawezi kupiga ukelele wa kuwaita wenzake. Dawa nyingine huwazuia wasizaane. Miaka ikipita, kwa baadhi ya wagonjwa, wale walinzi waliolikabili figo lile hupungua au huchoka. Na wako walinzi wa namna nyingine, ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao wasivuke mpaka. Hao alianza kuwabainisha Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini pamoja na ilimu yote hiyo, hapana tabibu awezaye kuitazama damu ya mgonjwa wa kawaida akamwambia: walinzi wako wamekwisha fanya sulhu, acha dawa. Mwaka 2008 matabibu wa Boston walieleza khabari za wagonjwa wachache waliopandikizwa figo pamoja na uboho wa mifupa wa mtoaji yule yule, kisha baadhi yao wakaweza kuacha dawa. Hiyo ni tiba ya namna yake, iliyofanywa chini ya uangalizi mkali, wala si njia ya mtu kujiamulia nyumbani. Kwa wengine karibu wote, ukimya wa walinzi ni usingizi wa dawa. Dawa ikiondoka, huamka. Na wakiamka aghalabu hawapigi mbiu. Mtu hasikii maumivu, anakula, anakwenda sokoni, na figo linakufa kimya kimya. Khabari hupatikana katika kipimo cha damu kabla ya kupatikana katika mwili. Kwa hivyo neno "najiona mzima" si ushahidi.

Wala tusifiche kwamba dawa hizi zina gharama katika mwili. Mlinzi aliyelazwa kwa ajili ya figo amelazwa pia kwa maadui wa kweli. Virusi vilivyolala tangu utotoni huweza kuamka, na kimoja kiitwacho BK hulishambulia figo lenyewe. Kifua kikuu hupata mlango. Saratani ya ngozi huzidi. Tena maradhi ya figo yenyewe huwazeesha walinzi kabla ya umri wao, na figo jipya haliwarudishii ujana. Ndiyo maana dawa hizi zimewekwa katika mizani: zikizidi, maradhi huingia, zikipungua, figo hukataliwa. Hata tunda la balungi huweza kuitibua mizani hiyo, kwani huzidisha takrolimasi na saiklosporini katika damu. Na ikiwa balungi moja lafanya hivyo, tusemeje juu ya mizizi na majani ambayo hatujui yaliyomo?

Mtu aweza kusema: kuwalegeza walinzi ambao Mungu amewaweka, si kuyaharibu maumbile? Twasema: mtazame mama mwenye mimba. Mtoto aliye tumboni nusu ya cheti chake ni cha baba, naye kwa hesabu ya walinzi ni mgeni. Lakini mwili wa mama humstahimili miezi tisa, na miongoni mwa sababu zake ni wale walinzi watulizaji tuliowataja. Rahimu na rehema katika Kiarabu ni shina moja. Basi kumstahimili mgeni kwa ajili ya uhai kumo ndani ya maumbile yenyewe, na tabibu alifanyalo ni kutafuta kwa dawa kile ambacho mama hupewa bila dawa.

Tuje katika suala la pili. Figo likishatolewa ni la nani?

Wanavyuoni wa zama zetu walikhitalifiana juu ya upandikizaji. Wako waliokataza, kama Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan na Sheikh Sha'rawi wa Misri, kwa hoja kwamba mwili si mali ya mtu hata autoe. Walio wengi wameruhusu kwa masharti, na hayo ndiyo yaliyoamuliwa na baraza la fiqhi la Makka mwaka 1985 na lile la Jeddah mwaka 1988: mtoaji atoe kwa hiari yake, asijiangamize, wala kiungo kisiuzwe. Sisi twaona kauli ya walio wengi ina nguvu, maana kumhuisha mtu ni katika mambo makubwa kabisa. Lakini na tuangalie ni wapi pande hizi mbili zimekutana. Zote zakubali kwamba mwili si milki yetu. Aliyekataza amesema: si chako, usikitoe. Aliyeruhusu amesema: si chako, usikiuze, bali waweza kukipeleka mahali kitakapookoa uhai.

Kwa msingi huo jawabu linajileta lenyewe. Lau figo lingekuwa mali kama kanzu, basi neno la "ulinipa, ni langu" lingekuwa sahihi, na mwenye kanzu ana ruhusa ya kuivaa au kuiacha iliwe na nondo. Lakini kisichouzika hakimilikiki namna hiyo. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo imekataza kuuza viungo. Mwaka 2025 serikali ilipousimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kwa sababu ya tuhuma za biashara ya mafigo, nchi nzima ilichukizwa, hata watu wasiojua fiqhi. Walichukizwa kwa kuwa kila mtu anajua moyoni mwake kwamba mwanadamu si duka la vipuri.

Figo, basi, ni amana. Mtoaji alikuwa nayo, akaikabidhi. Mpokeaji ameipokea, na amana haiharibiwi. Yule mtoaji alituambia "figo langu", na ndugu yake akamwambia "figo ni langu". Neno ni moja, na kwa wote wawili lina kasoro.

Kwa mtoaji twasema: umefanya ihsani kubwa, wala usiibatilishe kwa masimango. Huna haki ya kumfanya ndugu yako mtumwa wa hisani yako, kumhesabia analokula na kumkumbusha kovu lako mbele za watu. Haki uliyobaki nayo ni haki ya nasaha, nayo ni haki ya kila Muislamu kwa nduguye. Na kwa mpokeaji twasema: mwili wako haukuutia saini mkataba huu, wala hautautia. Uliokubali ni moyo wako na akili yako. Kwa hivyo kila asubuhi na kila jioni ni wewe unayekubali kwa niaba ya mwili unaokataa, na kukubali huko ni vidonge. Ukiviacha, umekataa wewe.

Baadhi ya watu huuliza habari ya funga. Hapa kwetu toka alfajiri mpaka magharibi ni saa kumi na tatu na kitu katika mwaka mzima, na dawa nyingi za figo huliwa kila baada ya saa kumi na mbili. Wako wagonjwa ambao figo lao limetulia, na tabibu huwapangia dawa za daku na za futari wakafunga bila ya madhara. Na wako ambao haiwafalii hata siku moja. Mwenye kukatazwa na tabibu muaminifu ana rukhsa, na kuikataa rukhsa kwa kujiangamiza si uchaji. Wala kuacha dawa si tawakali. Kisa cha mtu aliyeamrishwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee, twakijua sote.

Tulipokwisha kuyaandika haya tulimwita yule muulizaji tukamsomea. Tukamwambia: kabla hujakasirika, nenda tena kwa ndugu yako, ukae naye peke yenu, umuulize kwa upole sababu ya kweli. Alikwenda. Aliporudi alikuwa ameinamisha kichwa. Ndugu yake hakuziacha dawa kwa sababu alidhani mwili umezoea. Aliziacha kwa sababu zilimshinda bei. Alianza kwa kula kidonge kimoja mahali pa viwili, kisha akala siku moja akaacha siku moja, kisha zikakoma. Na alipoulizwa mbona hakusema, alijibu: "Mji mzima ulinichangia nikapasuliwe. Nitawarudia kwa uso gani?" Lile neno la "damu yangu" lilikuwa ni pazia la kufunika haya.

Ndugu wasomaji, jawabu hilo lilitupiga sisi kuliko lilivyompiga yeye. Maana sisi darasa hii tulikuwa miongoni mwa waliochanga. Tulitembeza daftari msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tukasoma majina ya watoaji, tukamsindikiza mgonjwa kwa dua, na aliporudi mzima tulimshukuru Mungu tukalifunga daftari. Tulidhani hisani imekwisha siku aliyoshonwa. Tulikuwa na kosa lile lile tulilotaka kumlaumu nalo: tulilihesabu figo kuwa ni zawadi ya siku moja.

Na tusidanganyane, si kwamba mji huu hauna fedha. Harusi zetu zachukua siku kadhaa, na kila siku ina nguo zake na chakula chake, na kinachomwagwa asubuhi kingenunua dawa za miezi. Hatusemi watu wasifurahi. Twasema kwamba mtu anayeona haya kuwa harusi yake ni ndogo, na haoni haya kuwa jirani yake anagawanya kidonge kwa kisu, haya yake imewekwa mahali pasipo pake.

Kwa hivyo tumekata shauri kwa mambo matatu, na twaomba misikiti mingine ituangalie, ikiona kheri na ifanye. La kwanza, mchango wowote wa kupandikizwa figo tutakaousimamia hautafungwa mpaka itengwe sehemu ya dawa na vipimo vya baada yake, na daftari lake litakuwa la kila mwezi. La pili, atateuliwa mtu mmoja mwenye siri wa kumsaidia mgonjwa katika mambo ya bima ya SHA, iliyoichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na kumuuliza hali ya dawa bila ya kumfedhehi. La tatu, hatutashiriki katika kumshurutisha mtu yeyote atoe figo lake, hata akiwa ndugu wa tumbo moja; maana palipo na kushurutishwa hapana ihsani, na udugu hauthibiti kwa kisu.

Yule ndugu amerudi katika dawa zake. Kipimo cha damu kimeonyesha kwamba figo limeanza kudhoofika, na matabibu bado hawajasema neno la mwisho. Na muulizaji wetu sasa humpitia nduguye kila jioni baada ya Magharibi, wakanywa kahawa pamoja, na saa ya dawa ikifika hapana amkumbushaye mwenzake kwa maneno. Husukumwa gilasi ya maji tu. Twamuomba Mwenyezi Mungu alihifadhi figo lile, na atusamehe sisi tuliolifunga daftari mapema.